"Sina Swali, Mheshimiwa": Maneno Yanayowafunga Washtakiwa Wasio na Wakili

Ukisoma mwenendo wa kesi ya jinai ambayo mshtakiwa alijitetea mwenyewe, mara nyingi utakutana na maneno yaleyale baada ya ushahidi wa kila shahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka: "Sina swali." Shahidi ameapa, ameeleza kwamba usiku wa manane alimwona mshtakiwa akitoka dirishani na televisheni, kisha hakimu amemgeukia mshtakiwa na kumwambia ni zamu yake kumhoji. Mshtakiwa ameinamisha kichwa na kusema hana swali. Hakimu ameandika hivyo. Shahidi ameshuka, ameitwa mwingine.

Aliyekuwa kizimbani ameona kwamba ametenda kwa adabu. Kisheria, amejidhuru vibaya. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema katika hukumu nyingi kwamba asiyemhoji shahidi juu ya jambo la msingi huhesabiwa kuwa amelikubali jambo hilo. Siku ya kujitetea, atakaposema kwamba usiku ule kulikuwa giza na shahidi hakuweza kumwona mtu yeyote, ataulizwa: mbona hukumuuliza alipokuwa hapa? Hukumu itaandika kwamba utetezi wake ni mawazo ya baadaye.

Ushauri tunaowapa ndugu zetu wanaopelekwa mahakamani karibu wote ni wa adabu. Vaa nguo safi, fika mapema, zima simu, simama hakimu anapoingia, sema "Mheshimiwa", usibishane. Yote hayo ni sahihi na yafuatwe. Anayemtukana hakimu au kuvuruga shauri anaweza kufungwa kwa kosa la kuidharau mahakama, hata kama lile la awali hakulitenda. Lakini hiyo ni sehemu ndogo ya maandalizi. Tumelelewa kuamini kwamba mbele ya mkubwa, heshima ni kunyamaza. Mahakamani, kisichosemwa hakiandikwi, na kisichoandikwa hakipo. Jaji wa Mahakama Kuu atakayesikiliza rufaa, na majaji watatu wa Mahakama ya Rufani watakaofuata, hawatajua kwamba ulisimama wima na kuvaa shati lililopigwa pasi. Watasoma jalada. Ndiyo maana nasema mshtakiwa ajiandae, kwanza kabisa, kwa kujua ni nyakati gani mahakama humpa nafasi ya kusema, na aseme nini katika kila nafasi.

Ninazungumzia Tanzania Bara, katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, zinazoongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Huko ndiko zinakosikilizwa kesi za ubakaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, makosa ambayo adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na ndiko wengi husimama bila wakili.

Nafasi ya kwanza ni siku ya kusomewa mashtaka. Karani au wakili wa serikali anasoma hati, hakimu anauliza: ni kweli au si kweli? Watu wengi hulichukulia swali hilo kama swali la mzazi kwa mtoto, wakajibu kwa kujieleza: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenianza na panga." Jibu hilo si kukiri kosa, kwa kuwa ndani yake mna utetezi wa kujilinda, na hakimu makini ataandika kwamba mshtakiwa amekana. Tatizo linakuja pale mtu anapojibu "ni kweli" tupu kwa sababu polisi kamwambia akikiri atatozwa faini aende nyumbani, au kwa sababu amechoka mahabusu. Baada ya kukiri, njia ya rufaa dhidi ya hatia karibu inafungwa. Kinachobaki ni kulalamikia adhabu, labda ithibitike kwamba ukiri haukuwa kamili, au ulitokana na kutoelewa, au hati haikuonyesha kosa lolote, au maelezo aliyoyakubali hayaundi kosa hilo.

Utaratibu wa kukiri uliwekwa wazi na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na bado ndio unaofuatwa Tanzania na Kenya. Shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha upande wa mashtaka usome maelezo ya tukio, mshtakiwa aulizwe kama anayakubali, na akikana hata sehemu moja ya msingi, ukiri ufutwe na kesi isikilizwe. Kwa hiyo hata aliyekwisha kutamka "ni kweli" bado ana mlango mmoja: asikilize yale maelezo neno kwa neno. Yakisema aliiba mbuzi wanne naye anamjua mmoja tu, aseme. Yakisema alikuwa na bunduki wakati hakuwa nayo, aseme kwa sauti, maana bunduki hiyo ndiyo inayogeuza wizi kuwa miaka 30. Na kama hajaelewa shtaka, aseme hajaelewa. Hakuna hakimu aliyeruhusiwa kumpokelea mtu jibu la shtaka asilolielewa.

Anayetaka kukiri kwa hesabu, si kwa uchovu, ajue kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 kuna makubaliano rasmi ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Hayo huandikwa na kusajiliwa mahakamani, na hakimu au jaji hujiridhisha kwamba mtu amekubali kwa hiari yake. Ahadi ya mdomo ya askari kituoni haimo humo. Haiwafungi waendesha mashtaka wala mahakama.

Baada ya kukana huja usikilizwaji wa awali, hatua ambayo washtakiwa wengi huidharau kwa sababu hakuna shahidi anayeitwa. Wakili wa serikali husoma maelezo ya kesi, mshtakiwa akaulizwa yapi anayakubali, yakaandikwa kuwa mambo yasiyobishaniwa, naye akasaini. Jambo lililoingia humo halihitaji tena kuthibitishwa na shahidi yeyote. Nimeona watu wanavyoitikia "ndiyo" mfululizo kwa kudhani wanaulizwa kama wamesikia. Kubali jina lako, umri, makazi na kukamatwa kwako kama ndivyo ilivyokuwa. Lolote linalokuweka eneo la tukio au linalokukabidhi mali ya wizi, kama si kweli, likane palepale.

Kama utetezi wako ni kwamba hukuwepo, yaani siku hiyo ulikuwa Mbeya wakati tukio lilitokea Morogoro, sheria inakutaka utoe taarifa mapema, kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, au angalau uwape upande wa mashtaka maelezo ya utetezi huo kabla hawajafunga ushahidi wao. Ukiuibua siku ya kujitetea, mahakama ina hiari ya kutoupa uzito wowote. Mshtakiwa asiye na wakili atalijuaje sharti hilo? Mara nyingi halijui, na hilo nitalirudia.

Kumhoji shahidi ndipo palipo na manufaa mengi zaidi kwa anayejitetea, nami naomba msomaji anivumilie hapa. Kumhoji si kugombana naye wala kumhutubia. Kosa la wengi ni kusimama na kusema, "Wewe ni mwongo, unanichukia tangu shamba lile." Hilo si swali, na hakimu atamzuia. Swali zuri ni fupi, lina jambo moja, na jibu lake litakufaa vyovyote shahidi atakavyojibu. Katika kesi ya mtu kutambuliwa usiku, maswali yamekwisha kuandaliwa na Mahakama ya Rufani yenyewe tangu mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri: shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, umbali ulikuwa kiasi gani, mwanga ulikuwaje, je, alikuwa akimfahamu kabla ya hapo? Mahakama ilionya kwamba ushahidi wa aina hii ni dhaifu kuliko wote, na usitumike kumtia mtu hatiani hadi uwezekano wote wa kukosea umeondolewa.

Basi uliza. Taa ilikuwa ya aina gani? Ilikuwa imewekwa wapi? Mlipambana kwa muda gani? Ulikuwa na hofu? Kisha uliza lile ambalo wengi hulisahau: ulipofika kituoni usiku uleule, ulitaja jina langu? Mahakama ya Rufani imeeleza kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dalili nzuri ya kuaminika kwake, na kuchelewa bila sababu kunapaswa kuifanya mahakama ijiulize. Kama shahidi anakufahamu tangu utoto, akaenda polisi usiku ule asitaje jina, ukakamatwa wiki tatu baadaye, jambo hilo ni zito kuliko machozi yako yote. Lakini litaingia kwenye jalada ukiliuliza tu.

Ili uweze kuuliza hivyo, unahitaji kujua shahidi alisema nini mwanzo. Mlalamikaji anapokuwa shahidi, sheria inamtaka hakimu ahakikishe mshtakiwa anapewa nakala ya maelezo ya malalamiko yake. Omba nakala hiyo siku za mwanzo, na uombe kwa sauti ili ombi liandikwe. Kisha keti na mtu anayesoma vizuri, mfananishe maelezo yale na ushahidi wa kizimbani. Kama kituoni aliandika watu wawili na leo anasema watano, iombe mahakama umhoji juu ya tofauti hiyo na maelezo yale yapokelewe kama kielelezo. Kalamu na daftari, hata kwa aliye mahabusu, ni silaha halali. Andika tarehe, jina la shahidi, alichosema na unachotaka kumuuliza.

Kuna pia wakati wa vielelezo, nao hupita haraka sana. Shahidi anasema, "Naomba karatasi hii ipokelewe kama kielelezo," hakimu anamuuliza mshtakiwa kama ana pingamizi, na jibu la kawaida ni "sina". Hapo huingia maelezo ya onyo, yale yanayodaiwa kuandikwa kituoni ukiwa unakiri. Tanzania, tofauti na baadhi ya nchi nyingine zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza, ukiri mbele ya askari polisi hupokelewa kama ushahidi mradi ulitolewa kwa hiari. Kama ulipigwa, au hukuandika kabisa maelezo yale, saa ya kusema ni hiyo, kabla hayajapokelewa. Ukisema, hakimu atalazimika kusimamisha kesi kubwa na kuendesha kesi ndani ya kesi, ambamo Jamhuri itabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ulisema kwa hiari. Ukinyamaza, ukaja kuyasema mateso siku ya kujitetea, umechelewa. Tena anayeteswa asingoje hata hatua hiyo. Siku ya kwanza anapofikishwa mbele ya hakimu, aonyeshe majeraha na aombe iandikwe, na aombe apelekwe hospitali na PF3, fomu ya polisi ya kupimwa na kutibiwa majeraha.

Na hati ikishapokelewa, isomwe kwa sauti mahakamani. Mahakama ya Rufani imeondoa nyaraka nyingi kwenye ushahidi kwa sababu tu hazikusomwa baada ya kupokelewa, kwa kuwa mshtakiwa alinyimwa nafasi ya kujua kilichomo. Isiposomwa, omba isomwe.

Jamhuri ikifunga ushahidi wake, hakimu huamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwepo, mshtakiwa huelezwa haki zake: kujitetea kwa kiapo au bila kiapo, na kuita mashahidi. Anaweza pia kukaa kimya, ila sheria yetu inairuhusu mahakama kuuchukulia ukimya huo dhidi yake. Kwa maoni yangu, mtu asiye na hatia na mwenye jambo la kueleza aape na aeleze. Ushahidi wa kiapo hupimwa kwa mizani ileile ya ushahidi wa upande wa pili, kwa sababu umepita kwenye maswali. Aeleze kwa mfuatano wa siku na saa, asijaze mambo ya ukoo na siasa za kijiji isipokuwa yanahusiana na chuki inayodaiwa. Akiulizwa na wakili wa serikali jambo asilolijua, "sijui" ni jibu kamili. Mashahidi wake awataje mapema, na kama wanasita kuja, aiombe mahakama iwaandikie wito. Akumbuke pia kwamba hana kazi ya kuthibitisha kuwa hana hatia. Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inamwona hana kosa hadi ithibitike, na mtu hafungwi kwa udhaifu wa utetezi wake bali kwa nguvu ya ushahidi wa Jamhuri.

Anapomaliza kutoa ushahidi, ana haki ya kuomba asomewe kilichoandikwa, na maoni yake juu ya usahihi wake yawekwe. Zamani haki hii ilikuwa nyembamba kwa wananchi wengi, kwa sababu kesi ilisemwa kwa Kiswahili ikaandikwa kwa Kiingereza, hakimu akitafsiri kichwani huku kalamu ikienda. Mapema mwaka 2021, jaji mmoja wa Mahakama Kuu Musoma, Zephrine Galeba, alisifiwa hadharani na Rais John Magufuli kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Bunge lilibadili sheria kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Naliona badiliko hilo kuwa kubwa zaidi kwa mshtakiwa maskini kuliko majengo mapya yanayozinduliwa kila mwaka. Lakini halina faida kama mwenye kesi haombi kusomewa.

Mambo mengine yasemwe kwa ufupi kwa kuwa hayana ubishi. Uliye nje kwa dhamana, andika tarehe ya kesi mwenyewe, usitegemee kuambiwa. Kukosa tarehe moja kunaweza kuleta hati ya kukamatwa, kuwaponza wadhamini wako, na mahakama inaweza kuendelea bila wewe. Usimfuate shahidi nyumbani hata kwa nia ya kusuluhishana, kwa sababu dhamana itafutwa na utapata shtaka jipya. Mtu anayekufuata kwenye veranda ya mahakama akikuambia "nitaongea na hakimu" akuache. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji kama mpokeaji. Na kabla hujamlipa anayejiita wakili, angalia jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana vishoka wamejaa na fedha za familia zinapotea kwao.

Ukitiwa hatiani, utaulizwa kama una la kusema kabla ya adhabu. Kwa makosa yenye kima cha chini kilichowekwa na sheria, maneno yako hayatashusha kitu. Kwa mengine yote, usiishie kwenye "naomba msamaha". Sema ni kosa lako la kwanza, sema umekaa mahabusu kwa muda gani, taja wanaokutegemea na ugonjwa wako kama una karatasi za hospitali. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitatu kutumikiwa nje kwa kazi za jamii. Omba hilo kwa jina lake.

Kama hukuridhika, hesabu ya siku inaanza siku ya hukumu. Nia ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45 baada ya kupata nakala ya mwenendo na hukumu. Aliye gerezani huipitisha kwa ofisa wa gereza. Ndugu msikae mkilia siku hizo zikapita.

Sasa nirudi kwenye swali la yule asiyejua. Haya niliyoyaandika yanajaza kurasa, na mtu aliyeishia darasa la saba, aliyelala sakafuni mahabusu, hawezi kuyabeba yote peke yake mbele ya wakili wa serikali aliyesomea kazi hiyo. Anayeshtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu pia hakimu au jaji kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada huo pale haki inapodai. Lakini katika mahakama za wilaya, ambako kijana wa miaka 20 anaweza kuingia asubuhi na kutoka na kifungo kitakachomtoa akiwa na miaka 50, msaada huo haufiki kwa wengi. Sioni hoja inayoweza kutetea tofauti hiyo. Kila kosa lenye adhabu ya lazima ya miaka 30 lilipaswa kumpa mshtakiwa wakili kabla shahidi wa kwanza hajaapa.

Hadi hilo litakapofanyika, kuna jambo dogo linalowezekana bila kubadili sheria. Mahakama inaweza kuchapisha karatasi moja ya Kiswahili na kumpa kila mshtakiwa pamoja na hati ya mashtaka. Iandikwe humo: utaulizwa kama shtaka ni kweli, na usipolielewa useme. Utapewa zamu ya kumuuliza kila shahidi. Utaulizwa kama unapinga kielelezo, na baada ya hapo nafasi hiyo hairudi. Kama hukuwepo eneo la tukio, toa taarifa sasa. Una siku 10 za kusema utakata rufaa. Na hakimu, kabla ya kuandika "sina swali" kwa mtu asiye na wakili, amweleze kwa sentensi moja maana ya kutouliza, kisha aandike kwamba amemweleza.